Nilivyomchambulia Paka Senene

Wadogo zangu wa darasa la tano,

Mwalimu wenu Leontina aliniomba nije hapo shuleni kwenu Kitendaguro niwaeleze namna ya kutunza wanyama wa nyumbani. Nilikubali kwa kutikisa kichwa, kwa sababu mdomo ulikataa kufunguka. Mimi nikisimama mbele ya watu zaidi ya watatu, ulimi wangu unalala usingizi. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Naandika polepole, niliishia darasa la saba na mkono wangu haujazoea. Haya mnayoyasoma yamenichukua siku tisa na kalamu mbili, na kalamu moja ilitafunwa na mbwa kabla sijafika ukurasa wa pili.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mstaafu. Mke wangu, ambaye mtakutana naye huko mbele, hucheka kila nikilitamka neno hilo.

"Mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe?"

Ni kweli, nina miaka ishirini na nane. Lakini nilianza kazi nikiwa na kumi na saba, na tangu hapo nimeng'atwa mara sita, nimekwaruzwa mara ambazo sikuzihesabu, na mbuzi wa jirani, ambaye hata sikuajiriwa kumtunza, alinipiga pembe mahali ambapo Mwalimu Leontina hataki nipataje. Mtu aliyepitia hayo akiacha kazi, huyo amestaafu.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wanyama wa Mama Shirin. Mama Shirin alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa mjini Bukoba. Babu yake alitoka India, lakini yeye alizaliwa hapahapa, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, na ndani yake kulikuwa na mbwa mmoja aliyeitwa Polisi, ambaye aliwaogopa kuku, na paka mmoja wa rangi ya chungwa aliyeitwa Karani. Aliitwa hivyo kwa sababu kutwa nzima alikaa juu ya meza ya duka akiwatazama wateja mmoja mmoja, kama anaandika majina yao.

Nilitoka Muleba nikiwa sijui lolote. Kwetu mbwa alilinda, paka alikamata panya, basi. Hakuna aliyeuliza kama wamefurahi. Paka wetu hata jina hakuwa nalo. Tulimwita paka, naye aliitika.

Aliyenifundisha ni Mzee Anakleti wa Hamugembe, ambaye alifanya kazi hiyo kabla yangu mpaka magoti yalipomchoka. Wiki ya kwanza alinikuta uani nimemwogesha Polisi kwa sabuni ya unga. Nilikuwa nimemwaga nusu pakiti. Mbwa alikuwa amegeuka wingu lenye macho mawili.

"Deo," Mzee akasema, "umemwogesha au umemfua?"

"Nimemwogesha, Mzee."

"Na kamba ile unamtafutia nini? Unataka kumwanika?"

Kamba nilikuwa nimeishika kweli, ila ilikuwa ya kumfungia asikimbie. Polisi alijikuna siku nne, ngozi ikawa nyekundu. Basi lishikeni hili: sabuni ya nguo ni ya nguo. Mbwa aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo tu, masikio yasiingie maji, na asuuzwe mpaka maji yanayotoka yawe safi kama yalivyoingia. Halafu mkae mbali, maana atajikung'uta, na atachagua kujikung'uta karibu na mtu aliyevaa nguo ya kanisani.

Jingine alilonifundisha Mzee ni kutazama kati ya vidole vya mbwa. Kwenye udongo wa migombani funza ni wengi, na mbwa hawezi kusema kwamba anawashwa. Atakula vizuri, atatikisa mkia, ila atakuwa anatembea kama mtu mwenye viatu vya kuazima. Mkiona hivyo, mwiteni mtu mzima. Sindano ichemshwe, funza atolewe mzima na mfuko wake bila kuupasua, kisha tundu lisafishwe kwa dawa. Polisi nilimtoa funza watatu siku moja, na alinilamba uso mzima, hata mdomo. Sikula chakula cha mchana.

Sasa niwaeleze juu ya Karani, maana ndiye aliyenifundisha zaidi ya Mzee Anakleti.

Nilikuwa na miaka minne kazini Mama Shirin alipoambiwa aende Mwanza kufanyiwa upasuaji wa jicho. Angekaa wiki mbili. Alifunga duka, akaniita jikoni, akanipa karatasi ambayo alikuwa ameandika kila kitu. Samaki achemshwe bila chumvi wala kitunguu, atolewe miiba yote. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Sanduku la mchanga lisafishwe kila siku. Manyoya yachanwe kwa brashi ya bluu, siyo ile nyekundu, nyekundu ni ya Mama. Karani achezeshwe kwa kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye uzi, robo saa, na aachwe akikamate mwishoni, kwa sababu paka asiyewahi kushinda anakata tamaa kama mtu.

"Na jambo kubwa," akasema, "daktari amenionya kwamba jicho likishafanyiwa, nisilie hata chozi moja. Umenielewa, Deo?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo Karani asife. Nikirudi nikakuta Karani hayupo, nitalia. Nikilia, jicho limekwisha. Jicho langu liko mikononi mwako."

Nilitazama mikono yangu. Nikaificha nyuma. Mimi Mama Shirin nilimwogopa hata akiniuliza saa ngapi.

Siku ya kwanza nilimchemshia Karani samaki wa Kemondo, mbichi kabisa, nikamtoa miiba mpaka macho yakaniuma. Nikaweka sahani chini, nikageuka nikatazama ukuta. Wadogo zangu, mama yangu alinilea hivyo. Kwetu ukimwekea mgeni chakula humkodolei macho. Unageuka, unanyamaza, unamwacha ale kwa amani. Nami Karani nilimheshimu kama mgeni, tena mgeni wa mjini. Nilitazama ukuta kwa muda mrefu. Nilipogeuka, samaki alikuwa mzima, na Karani alikuwa ananitazama mimi.

Siku ya pili nilimpa sangara. Akanusa, akaondoka. Nikampa dagaa nilioloweka kuondoa chumvi. Akapiga hatua juu yao kana kwamba ni matope. Kila mara niligeukia ukuta kwa heshima zote. Nilianza kuufahamu ukuta ule vizuri. Ulikuwa na ufa unaofanana na ramani ya ziwa.

Jioni Mama Shirin alipiga simu kutoka Mwanza.

"Karani yukoje?"

"Yupo, Mama."

"Yupo anafanya nini?"

"Yupo tu."

"Amekula?"

"Chakula kipo, Mama."

Sikusema uongo. Chakula kilikuwepo, chote.

Lishikeni na hili: mbwa akikosa hamu siku moja anaweza kuwa ameiba kwa jirani, lakini paka akifika siku ya pili bila kula, msikae kungoja. Ini lake linaweza kuharibika upesi. Na msimpe dawa ya maumivu ya watu, hata kipande, inamuua. Mwiteni mtaalamu. Mimi asubuhi ya siku ya tatu nilimwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki na mabuti marefu yenye mavi ya ng'ombe. Nilimpa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa mgeni yeyote, akatia punje mbili mdomoni, akauliza, "Mgonjwa yuko zizi gani?"

"Yuko juu ya friji."

Alimtazama Karani kwa muda. Nadhani maisha yake yote hakuwahi kumtibu mgonjwa mdogo kuliko ndama. Alimshusha, akampima joto, na sitawaeleza joto la paka hupimwa wapi, ila Karani alilieleza mwenyewe kwenye mkono wa bwana mifugo kwa mistari minne. Akafungua mdomo wake, akabonyeza tumbo, akasikiliza kifua.

"Homa hana. Meno mazima. Tumbo tupu lakini safi. Huyu ana majonzi tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Ng'ombe akiwa hivi tunamhamishia kwa wenzake." Akanawa damu. "Kama kesho jioni hajala, nitakuja nianze kumlisha kwa bomba la sindano. Na kwa umri wake, kijana, sikuahidi kitu."

Mchana nilikwenda kwa miguu hadi Hamugembe kwa Mzee Anakleti. Nilimkuta migombani kwake akipogoa majani makavu.

"Mzee, Karani hali. Wewe ulifanyaje?"

"Mimi? Sikufanya kitu. Miaka tisa hakunigomea hata siku moja."

"Ulimwekea nini kwenye chakula?"

"Chakula. Kisha nampigia kelele. Njoo hapa mwizi wewe, kula, mtoto wa mwizi, unajifanya mkubwa wakati babu yako nilimtoa kwenye mtaro. Mpaka anamaliza sahani, na mimi nimemaliza hasira zangu."

"Na kwenye chakula?"

"Waitu, si nimekwambia, chakula tu!"

Nikarudi mjini nikiwaza kwamba mzee amenificha siri. Alikuwa amenipa siri yote, ila mimi nilikuwa nasikiliza upande wa sufuria.

Sasa anaingia Adventina. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza ya duka la Mama Shirin, msichana wa Muleba kama mimi, na mdomo wake ulikwenda sambamba na cherehani yake. Mimi kwake nilikuwa na maneno mawili tu, "habari" na "haya." Asubuhi ya siku ya nne aliingia uani amebeba ndoo kichwani. Senene walikuwa wameshuka, na kaka yake alikuwa amemletea ndoo nzima.

"Deo, njoo unisaidie kuchambua. Mama hayupo, duka limefungwa, wateja wote wamekwenda kutafuta senene. Unakaa humo ndani unaangalia ukuta?"

Sijui alijuaje juu ya ukuta.

Tukaketi kwenye ngazi ya jikoni na ungo katikati yetu. Kwa wale ambao wazazi wao ni wageni Kagera: senene, hawa panzi wetu wa msimu, hutolewa mabawa na miguu kabla ya kukaangwa, na ni kazi ya kukaa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kuifanya kimya. Adventina alianza na harusi ya binamu yake iliyokuwa inakaribia, akaingia kwa mteja aliyetaka gauni lililo dogo kuliko mwili wake, akarudi kwenye harusi. Mimi nilisema "haya."

Karani akatoka jikoni. Akaketi karibu na ungo. Adventina hakuacha kuongea, alimtupia senene mmoja aliyechambuliwa na kumwambia, "Na wewe mzee, kula, unakonda kama mchumba wa mseminari." Karani akala. Akala wa pili. Nikakimbia ndani kuleta sahani ya samaki, nikaiweka. Akala samaki wote huku Adventina akieleza jinsi mpishi aliyechaguliwa kwa harusi hiyo alivyounguza ndizi kwenye sherehe nyingine.

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Nikasema, "Haya."

Nikampigia simu bwana mifugo asije. Kisha nikatoa hukumu yangu: dawa ni senene. Nilikuwa na akili ya namna hiyo.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilichambua senene wa Karani. Nao wawe safi, maana miguu yao ina miiba na ingeweza kumkwama kooni. Sasa nanyi mnajua mila yetu: mwanamke ndiye huwachambua, huwapika na kuwafungia mume wake kwenye jani. Mimi, kijana mzima, nilikaa ngazini namchambulia paka. Adventina alikuja kila siku na cherehani ya mdomo wake tukachambua pamoja, na Karani alikula mbele yetu. Lakini habari ilifika barabarani. Justo, dereva wa bodaboda aliyeegesha mbele ya duka, alichungulia getini.

"Ai waitu! Njooni mwone! Deo ameolewa!"

"Ameolewa na nani?" wenzake wakauliza kutoka nje.

"Na paka! Shemeji, mahari ilikuwa panya wangapi?"

Adventina alimjibu, mimi sikuweza. Alimwambia kwamba angalau paka huyu anarudi nyumbani kula, si kama yeye ambaye mke wake anamtafuta kwa redio. Justo akapiga pikipiki yake stati, akaondoka bila abiria.

Wiki ikapita hivyo, Karani akanenepa kidogo. Mama Shirin akipiga simu nilimwambia, "Amekula, Mama," na nilisikia anavuta pumzi huko Mwanza.

Halafu Adventina akaenda Muleba kwenye ile harusi ya binamu yake, siku tatu.

Niliachiwa senene wa kutosha. Nikawachambua vizuri kuliko siku zote. Nikaweka sahani, samaki upande huu, senene upande ule, nikageukia ukuta wangu. Nikahesabu mpaka mia mbili. Nikageuka. Karani ananitazama.

Nikawakaanga. Hapana. Nikawachemsha. Hapana. Nikambadilishia sahani. Siku ile ikaisha, na asubuhi iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Zilikuwa zimebaki siku tatu Mama Shirin arudi. Nilimwona kwa mawazo anashuka kwenye meli, jicho limefungwa, anauliza, "Karani yuko wapi?" na chozi la kwanza linatoka.

Hofu ilinifanya nifanye kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilimpigia simu msichana. Niliweka simu sakafuni, sauti juu, kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta ya samaki.

"Adventina, Karani hali."

"Umempa senene?"

"Nimempa."

"Hebu subiri nitoke nje, muziki hapa unapiga kama wamekasirika. Sasa sikiliza, wewe Deo, labda umewaunguza, wewe na moto hampatani, ile siku uji wako..."

Karani alisimama. Akaja kwenye sahani. Akaanza kula.

"Adventina! Usikate!"

"Kwa nini?"

"Ongea tu!"

"Niongee nini?"

"Chochote!"

Kimya kidogo. Karani akainua kichwa.

"Deo," akasema polepole, "unanitongoza kwa simu, na mimi niko kwenye harusi ya watu?"

Karani akainamisha kichwa, akala. Mimi nikawa kama nimepigwa na umeme, sehemu moja kwa furaha na sehemu moja kwa aibu. Nikataka kusema siyo, nikataka kusema ndiyo. Salio likaisha. Simu ikafa, na Karani akaiacha sahani papo hapo, nusu ya samaki ikiwa bado.

Hapo ndipo kichwa changu kilifunguka. Mama Shirin aliongea tangu asubuhi mpaka duka linafungwa. Akimpa Karani chakula huketi kwenye kigoda na kumwambia, "Leo samaki ni mzuri, usinikunjie uso. Umemwona yule aliyenunua kitambaa cha kijani? Kijani, na nyumba yake ilivyo ya kijani! Watampoteza." Mzee Anakleti alimtukana. Adventina alimsimulia harusi. Ni mimi peke yangu niliyemwekea sahani, nikamgeuzia mgongo, na kunyamaza kama mtu aliyemkasirikia. Karani alidhani tumegombana! Mama alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi ile kasoro hicho, kwa sababu hakujua kwamba anakifanya.

Nilijaribu redio kwanza, kwa sababu mimi ni mwoga. Karani aliitazama redio, akanitazama mimi. Alijua haisemi naye.

Basi nikaketi sakafuni. Nikamtazama usoni. Niliona aibu, mbele ya paka!

"Habari za asubuhi, Karani," nikasema.

Akasogea.

"Nyumbani hawajambo?"

Akaanza kula. Salamu zikaisha, na mimi sikuwa na neno lingine. Nikaanza jedwali la saba. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Alikula vizuri mpaka saba mara nane. Mimi saba mara nane sikuwahi kuijua, hata darasa la saba nilinakili kwa jirani yangu. Nikanyamaza kufikiri. Karani akanyanyua kichwa na kuningoja, mkali kuliko mwalimu. Nikairuka, nikaenda mara tisa, akaniruhusu.

Jioni nilimsomea litania ya watakatifu. Hiyo ilimfaa sana, ni ndefu na haina hesabu. Kesho yake niliishiwa na watakatifu, nikalazimika kusema mambo yangu mwenyewe. Na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nayo mengi. Nilimweleza kuhusu mama yangu, kuhusu mbuzi na pembe zake, kuhusu Polisi aliyekimbizwa na kifaranga. Maneno yalikuja polepole kama ninavyoandika sasa, lakini yalikuja. Karani alikula mpaka akalamba sahani.

Siku ya kumi na tatu mchana nilikuwa nimeketi sakafuni jikoni, mgongo mlangoni, nimechangamka. Nilisema hivi, nakumbuka kila neno, kwa sababu baadaye nimekumbushwa mara nyingi:

"Kesho Mama anarudi, Karani, na mimi nitarudi kuwa bubu. Unajua ile chai yake ya tangawizi? Miaka minne naimwaga kwenye lile ua la dirishani. Inaniunguza koo, na siwezi kumwambia. Ndiyo maana ua lile limekuwa kubwa hivyo. Na Adventina naye. Nikimwona na ile tepe ya kupimia shingoni nasahau jina langu. Suruali hii unaiona? Imechanika mara nne. Mara tatu nimeichana mwenyewe, ili anishonee."

Nyuma yangu kitu kilianguka. Ilikuwa pochi ya Mama Shirin.

Niligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, amekuja siku moja kabla. Aliyemshika mkono, kwa kuwa haoni vizuri, alikuwa Adventina, aliyesharudi kutoka harusini, na tepe yake shingoni.

Nilifunga mdomo. Nilitamani ule ufa wa ukutani unimeze. Jikoni kukawa kimya kabisa, na katika kimya kile Karani aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. Hakumkimbilia Mama Shirin. Alinitazama mimi. Samaki alikuwa amebaki nusu.

Mama Shirin aliweka kiganja juu ya bandeji. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nikapiga kelele, "Mama, usilie!"

"Silii," akasema, na sauti ilikuwa imekatika kwa kicheko. "Daktari alikataza kulia, kucheka hakukutaja. Endelea, Deo."

"Niendelee nini, Mama?"

"Kusema. Huoni? Karani hajamaliza kula."

Nilimtazama Adventina, nikitumaini atanionea huruma. Alivuta kigoda akakaa.

"Hata mimi sijasikia mwisho," akasema.

Basi, wadogo zangu, niliendelea. Niliongea mbele ya watu wawili na paka mmoja mpaka sahani ikaisha, na sijui niliyasema yapi, ila mwisho wake ni kwamba chai nilibadilishiwa, na Adventina leo ndiye anayesoma kila ukurasa wa barua hii na kucheka neno mstaafu. Mama Shirin sasa amefunga duka na anaishi kwa binti yake. Karani alikwenda naye kwenye kikapu, na kabla ya kuondoka Mama aliongeza mstari mmoja chini ya ile karatasi ya maagizo: asemeshwe anapokula. Sisi tunarudi Muleba kulima. Ndiyo maana nimestaafu.

Nyumbani kwenu mwogesheni mbwa kwa sabuni laini, mtazameni vidole, paka mpeni maji safi na samaki asiye na miiba, na wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mkiweka sahani chini, msigeukie ukuta. Semeni nao, hata kama ni jedwali la saba.

Jana Mwalimu Leontina amenitumia ujumbe kwamba kuandika hakutoshi, anataka nije nisome haya kwa sauti mbele yenu nyote. Nimefikiri usiku kucha. Nimekubali kwa sharti moja. Yule paka wa jikoni ya shule aletwe darasani, awekwe juu ya meza ya mbele na sahani ya dagaa wasio na chumvi, na ninyi mtulie mpaka amalize.